Mwongozaji Asiyetoa Mapovu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi Mama Mitungi alifungua kufuli la banda la kompresa, akawasha mashine, akaunga mipira kwenye vali za mitungi minne ya kwanza. Mitungi ilikuwa imezamishwa hadi shingoni kwenye hodhi la maji, kwa sababu mtungi unaojazwa hewa hupata moto, na mtungi wenye moto ni mwongo: geji inasema umejaa, ukipoa unakuta robo haipo. Kila uliojaa aliufungua vali kidogo, akaachia hewa ipige nyuma ya kiganja chake, akanusa. Kisha akachora mstari wa chaki kwenye bega la mtungi. Mstari huo ulikuwa na maana moja tu, kwamba mjazaji amenusa na hewa ni safi. Katika kituo kile cha kuzamia hakuna aliyeingia majini na mtungi usio na chaki, awe mgeni, awe mwongozaji, awe meneja mwenyewe.

Asubuhi hiyo alichora mistari ishirini na minne. Mitungi kumi na mmoja kati ya hiyo ilikuwa inanuka.

Hakuwa na wasiwasi sana, kwa sababu mumewe angekuwa chini kuwaangalia wageni. Mumewe alikuwa amekufa mwezi wa tano, na tangu siku ya tatu baada ya kuzikwa hakuwa amekosa kazini hata siku moja.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye kisiwa kidogo, mwendo wa saa saba kwa boti kutoka bara, na kilijivunia vitu viwili: matumbawe na ukimya. Matumbawe yalikuwa pale kabla ya watu. Ukimya uliletwa na meneja. Alipiga marufuku redio, kandambili za mbao, na kuitana kwa sauti kutoka jikoni hadi dobi. Wafanyakazi walizoea. Aliyetaka kucheka alikwenda kuchekea nyuma ya tangi la maji, akamaliza, akarudi na uso wake wa kazini.

Kompresa ilivuta hewa kupitia bomba refu ambalo mdomo wake uliinuliwa juu ya mlingoti nje ya banda. Mambo ya bomba hayana ufundi mwingi. Hewa iliyopo mdomoni mwake ndiyo mtu atakayoivuta akiwa mita kumi na nane chini ya maji, basi. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, upepo ulipogeuka, Mama Mitungi alipanda ngazi na kulihamisha. Miezi sita lilikaa magharibi, karibu na jenereta, kwa kuwa upepo wa miezi hiyo ulisukumia moshi baharini. Miezi sita lilikaa mashariki. Alifanya hivyo miaka kumi na minne, na hakuna mtu aliyemshukuru, maana nani anashukuru kwa kupumua?

Mwishoni mwa mwaka uliopita meneja alijenga baraza la kuwakandia wageni migongo upande wa mashariki. Bomba likivuta hewa hukoroma, na mtu anayelipia heshima ya kukandwa hapendi kukoromewa na kitu asichokiona. Meneja aliagiza bomba likae upande wa jenereta mwaka mzima.

"Kelele zikae na kelele zenzake," alisema, akaonekana kuipenda sana sentensi hiyo.

Mama Mitungi alimweleza habari ya upepo. Meneja alimsikiliza huku akitazama baraza lake. Akasema kompresa ina chujio, na chujio liliwekwa kwa sababu gani kama si hiyo? Mama Mitungi alijua kwamba chujio hukamata mafuta na unyevu, lakini moshi ule hulipita kama mwenye nyumba apitavyo mlangoni kwake. Akarudi bandani bila kulisema. Siku hiyo alikuwa na mitungi thelathini ya kujaza.

Upepo uligeuka mwishoni mwa mwezi wa nne. Mumewe alikuwa mwongozaji wa wazamiaji, na watu walimwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza, na kwa kweli la mwisho, alilowafundisha wageni. Shuka taratibu. Pumua taratibu. Ukiona papa, mwamkie taratibu. Siku aliyokufa, boti ilikuwa imeshapiga honi mara tatu. Wageni kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi wakiwa wamevaa mapezi, na mtu aliyevaa mapezi hana subira, maana hawezi kwenda popote. Mtungi wa mwisho ulikuwa wa Taratibu. Mkewe akaunusa. Ulikuwa na harufu ndogo, kama kibatari kilichozimwa chumba cha pili. Honi ikapigwa mara ya nne. Akachora chaki.

Katika dakika ya ishirini na mbili Taratibu alionekana akicheka peke yake, midomo imeiva kwa wekundu kama aliyeipaka rangi. Kisha akajilaza kwenye mchanga katikati ya matumbawe mawili, kama mtu aliyefika kwake. Daktari aliyeletwa na boti aliandika kwamba moyo ulisimama, jambo ambalo kwa maiti yeyote ni la kweli. Walimzika kwenye mwinuko nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Meneja alihudhuria, akalia kwa adabu, bila sauti.

Siku ya tatu boti ya asubuhi iliteremsha majini wageni wanane na kupandisha wageni wanane. Wote wakataka kujua yule mwongozaji wa pili ni nani, yule asiyebeba mtungi. Nahodha alikuwa anakunja kamba.

"Huyo ni Taratibu," alisema. "Alikuwa mapumziko."

Meneja alimrudisha kwenye ratiba siku hiyohiyo. Siku tatu alizokuwa kaburini zilikatwa kwenye likizo yake ya mwaka, na mkewe akaitwa ofisini kusaini kwa niaba yake. Fulana yake ya kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, wakamtafutia nyingine, kubwa kidogo. Mambo yakaenda vizuri kupita matarajio. Mzamiaji wa kawaida hutoa mapovu, na mapovu huwafukuza samaki. Taratibu hakuhitaji hewa, kwa hiyo hakutoa hata povu moja, na samaki walimzunguka wakidhani ni sehemu ya mahali. Kasa walilala karibu na miguu yake. Wageni waliandika barua ndefu za sifa. Meneja akachapisha kijitabu chenye picha yake ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno: Mwongozaji Asiyetoa Mapovu. Vyumba vikajaa mpaka mwaka wa pili yake.

Alikuwa na mpaka mmoja tu. Gati la kituo lilikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka hadi majini, na Taratibu aliweza kupanda mpaka ya tatu kutoka chini, maji yakiwa kifuani. Akizidisha hapo alipungua. Wiki ya kwanza alijaribu kwenda nyumbani kunywa chai. Ngazi ya nne miguu ikatoweka, ya tano kiuno kikatoweka, na ya sita mkewe akajikuta ameshika fulana tupu inayochuruzika maji. Akaitumbukiza tena baharini kwa haraka, na mumewe akarudi ndani yake akiwa na aibu kidogo.

"Basi chai ilete hapa," alisema.

Kwa hiyo kila siku saa kumi na nusu jioni, boti ya mwisho ikishafungwa, Mama Mitungi alikaa kwenye ngazi ya nane, iliyokuwa kavu, na mumewe akasimama kwenye ya tatu. Chai hakuweza kuinywa, ila alipenda kushika kikombe. Walizungumza. Paa linavuja upande wa jikoni. Binti yao amepandishwa cheo huko dobi, sasa ana funguo za kabati la mataulo. Paka wa nahodha amezaa kwenye kofia ya meneja. Taratibu alicheka mpaka maji yakatikisika.

Na hapa inabidi lisemwe jambo ambalo Mama Mitungi hakumwambia mtu. Katika miaka ishirini na moja ya ndoa hawakuwahi kuzungumza hivyo. Taratibu aliye hai alikuwa akirudi nyumbani amechoka, masikio yamejaa maji, akila, akalala na kijiko bado mkononi. Alikuwa mume mwema, lakini mke alimpata kwa mafungu. Sasa alikuwa na nusu saa nzima kila siku, ya mtu aliye macho, anayeuliza na kusubiri jibu. Saa tisa na nusu Mama Mitungi alianza kutazama saa. Saa kumi alinawa grisi mikononi, akavaa gauni la bluu, akachana nywele. Wenzake walimtania kwamba ana mchumba gatini. Alikana, huku akitabasamu.

Jambo la mtungi hakumgusia. Kila siku alikwenda nalo hadi ngazini, na kila siku alirudi nalo.

Mwezi wa saba upepo ulikaza, moshi wa jenereta ukawa unaegemea mlingoti kutwa. Ndipo ilipojulikana kwamba Taratibu anafanya kazi nyingine zaidi ya kuonyesha samaki. Alikuwa akitazama midomo. Mgeni akianza kucheka bila sababu na midomo kuwa myekundu, Taratibu alimshika mkono, akampandisha juu hatua kwa hatua, akamkabidhi kwa nahodha. Mgeni alipewa maji, dawa ya kichwa na kivuli. Meneja alisema ni jua. Akipata wawili siku moja, alisema ni mvinyo. Ilipofika katikati ya mwezi walikuwa wamepandishwa watu kumi na sita, na hakuna aliyekufa.

Mama Mitungi alikwenda ofisini. Alisimama, kwa kuwa kiti cha wageni kilikuwa na kofia yenye paka.

"Meneja, ni bomba. Nilisema tangu mwanzo. Naomba nilihamishe, miezi mitatu minne tu, upepo ugeuke."

"Mama Mitungi, tangu mumeo aanze utaratibu huu, tumepoteza mtu?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa bomba lina kosa gani?" Meneja aliuliza kwa upole, na kweli alitaka kujua. "Tuna mtu chini. Vituo vingine vina mtu chini? Havina. Vina mabomba."

Jioni hiyo Taratibu alifika ngazini akiwa amechelewa, jambo lisilo la kawaida yake. Mkewe akaona begani mwake, penye upindo wa fulana, kitu cha rangi ya zambarau, kidogo kama kifungo cha shati. Akadhani ni konokono, akanyoosha mkono kukitoa. Kilikuwa kimeshika.

"Ni tumbawe," Taratibu alisema. "Limeanza wiki iliyopita. Lingine liko mgongoni."

"Linauma?"

"Haliumi. Ni usingizi tu. Nikisimama kidogo, linaota. Nikitembea, linaacha." Alizungusha kikombe mikononi. "Upande wa nje wa mwamba kuna bonde la mchanga, halina mkondo. Naliona kila siku nikipita na wageni. Nikikaa pale, mke wangu, siku mbili tatu nitakuwa nimeshaota vizuri. Samaki watakaa. Patakuwa pazuri. Nimechoka."

"Si ukakae?"

"Na hawa wenye midomo nani atawapandisha?"

Mama Mitungi alitazama maji. Kisha, kwa kuwa mwenzake alikuwa amesema lake, naye akalitoa lake.

"Mtungi wako ulikuwa unanuka," alisema. "Siku ile. Niliunusa, nikajua, nikaupiga chaki. Ni mimi niliyekuua, baba. Nimekaa hapa miezi miwili nakupigia hadithi za paka."

Samaki wadogo waliingia kwenye mkono wa fulana ya Taratibu, wakatokea upande wa pili.

"Najua," alisema. "Na mimi niliionja hewa yake. Mvuto wa kwanza tu, nikiwa bado juu ya boti. Nikasema nikigomea mtungi huu mbele ya wageni, meneja atakushukia wewe. Nikasema tukirudi nitakwambia." Akamrudishia kikombe. "Ndiyo hivyo. Hatukurudi."

Mama Mitungi alilia, na kwa mara ya kwanza katika kisiwa kile alilia kwa sauti. Meneja akatuma mtu kuuliza kama kuna tatizo lolote gatini.

Binti yao aliyasikia yote kutoka kwa mama yake, na alikuwa binti asiyependa mambo yazungushwe. Alikuwa na miaka ishirini, mwandiko mzuri na funguo za kabati. Gatini hakuwa akienda. Alikwenda mara moja, mwezi wa sita, akamwona baba yake akishika kikombe cha chai asichoweza kukinywa, akasema hawezi.

"Mama, baba ameshakufa," alisema. "Mtu akifa anapumzika. Hata mkataba wa kazi unaisha."

"Si anajitolea mwenyewe?"

"Anajitolea kwa sababu bomba liko palepale. Likihama, hana wa kumpandisha. Atakwenda zake kwenye hilo bonde lake." Alimtazama mama yake. "Wewe hutaki apumzike?"

"Nataka. Kwa nini nisitake?"

Binti akaandika barua kwa ofisi ya ukaguzi huko bara. Ya kwanza ilirudi kwa kukosa mhuri. Akaandika ya pili. Alieleza bomba, jenereta, upepo, baraza, na wagonjwa kumi na sita waliokuwa wamefika ishirini na tatu. Kuhusu baba yake aliandika mstari mmoja tu, kwamba ni mwongozaji mwenye uzoefu na anastahili kustaafu.

Mkaguzi alifika mwezi wa nane, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, akiwa ametapika njia nzima. Alikuwa mzee mpole mwenye mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na fomu, mhuri, waya wa kufungia mashine zilizopigwa marufuku, na kipimo cha hewa. Kipimo kilikuwa kimelowa maji ya chumvi. Alikitikisa, akakipuliza, akakiweka juani juu ya pipa, kikaonyesha kwamba hewa ya kisiwa ina joto la nyuzi mia nne.

"Kimekufa hiki," alisema bila kinyongo. "Haidhuru. Sheria inasema kipimo kikikosekana, linachukuliwa neno la mjazaji aliyehitimu. Nani mjazaji hapa?"

"Ni mimi," alisema Mama Mitungi.

Walikuwa watatu ndani ya banda: yeye, mkaguzi, na meneja aliyesimama mlangoni akiwa na kofia mpya. Binti alikuwa nje, penye kamba za kuanikia, ameshika taulo moja ambalo alikuwa amelikunja mara nne. Jenereta ilikuwa inafanya kazi. Dirishani moshi ulionekana ukipanda, ukiinama kidogo, ukipita penye mdomo wa bomba kama mtu anayeinama kunywa.

"Mama, nitakuuliza swali moja, nawe utanijibu moja," mkaguzi alisema, akaandaa kalamu. "Ukiniambia hewa ni mbaya, naifunga hii mashine kwa waya sasa hivi, na haifunguki mpaka bomba lihamishwe nilione kwa macho yangu. Nitalala hapa hata wiki. Boti hiyo sipandi tena kwa haraka. Ukiniambia ni safi, nagonga mhuri. Usimwogope mtu. Anayeulizwa ni wewe."

Mama Mitungi hakumwogopa mtu. Hilo alilitambua palepale, na lilimsikitisha, kwa sababu woga ungemfaa. Meneja alikuwa hawezi kumfukuza. Hapakuwa na mjazaji mwingine karibu kuliko mwendo wa saa saba za bahari. Ilikuwa aseme tu neno, na ngazi ya kuhamishia bomba ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Akafikiri: nikisema, bomba litahama leo mchana. Kesho midomo ya watu itakuwa ya rangi yake. Na Taratibu, ambaye katika maisha yake hajawahi kuahirisha kitu isipokuwa kimoja, atakuja saa kumi na nusu kuaga, atanirudishia kikombe, atakwenda. Nitakuja keshokutwa na gauni la bluu nikae kwenye ngazi ya nane na kutazama maji. Akafikiri: siku moja tu. Mkaguzi atarudi mwakani. Binti ataandika tena, ana mwandiko mzuri. Miezi miwili upepo unageuka wenyewe. Siku moja tu, nikae naye leo vizuri, nimwambie nilichosahau kumwambia.

"Hewa ni safi," alisema.

Mkaguzi aliandika. Meneja alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayesikia saa ikigonga saa aliyoitarajia. Huko nje binti alilikunjua taulo, akaanza kulikunja upya.

Kabla ya kuondoka, mkaguzi aliomba kukagua vyeti vya waongozaji. Walimpeleka gatini, akainama juu ya ngazi, akasalimiana na Taratibu, akampa pole na kazi. Cheti cha Taratibu kilikuwa kimekwisha muda wake tarehe ya kifo. Mkaguzi alipekua kanuni zake, akakuta kwamba mwongozaji asiyetumia hewa hahitaji kupimwa mapafu, na kwa kuwa hewa ya kituo imethibitishwa kuwa safi, hapakuwa na kizuizi. Akamwongezea miaka mitano. Alishika karatasi juu ya maji ili ikauke, akamwonyesha mhuri.

"Ahsante," alisema Taratibu, na akatazama juu, akimtafuta mkewe miongoni mwa watu waliosimama gatini. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya nahodha.

Saa nane mchana Mama Mitungi alipita dobi. Binti yake alikuwa anapanga mataulo kabatini, na aliendelea kuyapanga.

"Ulisema safi?"

"Nilisema."

"Kwa nini, mama?"

Mama Mitungi alitafuta jibu la kumpa mtoto. Alilokuwa nalo lilikuwa moja, na lilikuwa la aibu.

"Kwa sababu angeondoka."

Binti alifunga kabati, akatoa funguo, akajaribu kama limefunga kweli. "Umemkosea baba," alisema. Hakupandisha sauti, na si kwa sababu ya meneja. Kisha akabeba kapu la mashuka kwenda kuanika, akimwacha mama yake amesimama kwenye harufu ya sabuni. Majuto yalimwingia Mama Mitungi wakati huo, yote kwa pamoja, na aligeuka amkimbilie mkaguzi. Boti ya mkaguzi ilikuwa imeshavuka mwamba. Nahodha wa boti ile alikuwa ameharakisha kwa huruma, ili mzee asitapike sana.

Saa kumi na nusu alishuka gatini. Alikuwa amevaa gauni la bluu, ila nywele hakuzichana. Taratibu alikuwa tayari kwenye ngazi ya tatu. Matumbawe yalikuwa yameshika bega lote la kulia na kuteremka hadi kwenye kiwiko, ya zambarau na ya njano, mazuri kweli, na mkono ulikuwa haukunjiki.

"Miaka mitano," alisema Taratibu.

"Nimeona."

"Kipimo chake kilikufa?"

"Kililowa."

"Akakuuliza wewe."

"Akaniuliza mimi." Aliweka kikombe kati yao. "Nilitaka ukae. Sikuwa na sababu nyingine. Ningekuwa na nyingine ningeisema."

Taratibu aliichukua chai kwa mkono wa kushoto. Aliinusa muda mrefu. Hakukasirika, na mkewe alitamani angekasirika, angalau awe na kitu cha kujitetea nacho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa abaki zamu ya pili na tayari alikuwa ameshavua viatu.

"Leo wamepanda wanne," alisema mwishowe. "Mmoja ni mama mwenye ujauzito. Nilichelewa kumfikia kwa sababu ya mkono huu."

"Anaendeleaje?"

"Yeye mzima. Mtoto hawajui bado."

Huko juu meneja alipita na kubandika tangazo kwenye ubao wa kazi. Kwa vile hewa imethibitishwa na mwongozaji ana cheti, kuanzia leo kutakuwa na safari ya nne, saa kumi na moja. Kompresa ikaanza kukoroma. Mtu wa jikoni alikuwa ameiwasha kwa amri, ipate moto kabla mjazaji hajafika.

"Basi nisaidie," Taratibu alisema, akachomoa kisu cha kuzamia kiunoni na kumpa mkewe kwa upande wa mpini. "Siwezi kufika mgongoni."

Mama Mitungi alikunja gauni, akashuka hadi ngazi ya nne, maji yakamfika kiunoni. Akashika bega la mumewe kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaanza kukwangua. Damu haikutoka. Yalitoka mavumbi meupe na vipande vidogo vya zambarau, vikazama polepole, na samaki wadogo waliokuwa wameanza kuhamia wakatoka mmojammoja, wakatafuta pengine. Alikwangua bega, akakwangua kiwiko, akakwangua mgongo mpaka ngozi ikaonekana. Kisha akamwambia akunje kiwiko, na kikakunjika.

"Inatosha?" aliuliza.

"Inatosha kwa kesho," alisema Taratibu.

Honi ya boti ikapigwa mara ya kwanza. Taratibu akarudisha kisu kiunoni, akavaa miwani, akazama. Mkewe akapanda ngazi, gauni likichuruzika, akaenda kuchora chaki kwenye mitungi kumi ya safari ya nne.